Maswali ya Wasomaji: Kama Mchujo wa Timu 12 Ungekuwapo Tangu Zamani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo hapa Arua, na wanafunzi wangu wameanza kuufuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu kupitia simu. Wamegundua kwamba tangu msimu wa 2024 timu zinazoingia katika mchujo wa ubingwa ni 12, ilhali kuanzia 2014 hadi 2023 zilikuwa nne, na kabla ya hapo ni mbili tu zilizokutana katika fainali. Sasa hawaishi kubishana: kama timu 12 zingekuwa zinaingia tangu zamani, ni misimu ipi ingekwenda vingine? Naomba utusaidie. (Mwalimu, Arua)

JIBU: Ndugu Mwalimu, swali lako lina sehemu mbili. Nani angekuwa bingwa ni jambo ambalo hakuna awezaye kuliapia. Lakini nani angeingia, na angekutana na nani, ni mambo yanayoweza kupigiwa hesabu, kwa kuwa orodha za kamati ya uteuzi, yaani jopo linalozipanga timu kwa ubora na kuamua zipi ziingie katika mchujo, zipo kwa kila msimu tangu 2014. Kamati hiyo inahitajika kwa sababu vyuo vya daraja la juu vinapita 130 na kila kimoja hucheza mechi zipatazo 12 tu kabla ya fainali za ligi, hivyo vingi havikutani kamwe, na msimamo wa pointi kama ule wa ligi yetu kuu ya soka hauwezi kutengenezwa.

Msimu ambao ningewapa vijana wako kwanza ni wa 2017. Timu ya Chuo Kikuu cha Central Florida, maarufu kama UCF, ilimaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja, lakini kwa kuwa ilitoka katika ligi inayohesabiwa kuwa dhaifu, kamati iliiweka nafasi ya 12. Nafasi ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuingia, ilipewa Alabama, timu ambayo haikuwa bingwa wa ligi yake wala haikucheza fainali ya ligi hiyo. Alabama ikaenda kutwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Georgia pointi 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Wakati huo UCF ilikuwa imekwisha kuifunga Auburn 34 kwa 27 katika mchezo wa Peach Bowl (bowl ni mchezo wa heshima wa mwisho wa msimu), nayo Auburn ndiyo iliyokuwa imezishinda Georgia na Alabama zote mbili katika mwezi wa Novemba. Si ajabu kwamba UCF ilijitangazia ubingwa wake yenyewe.

Tuuweke msimu huo chini ya kanuni za 2024. Kanuni hizo ziliwapa mabingwa wanne wa ligi wenye nafasi za juu zaidi haki ya kupumzika raundi ya kwanza, na mabingwa hao wangekuwa Clemson, Oklahoma, Georgia na Ohio State. Alabama, kwa kuwa haikuwa bingwa wa ligi, ingeshuka hadi nafasi ya tano ya upangaji, na wa tano hucheza na wa 12 katika uwanja wake wa nyumbani. Kwa hiyo UCF ingesafiri hadi Tuscaloosa kukabiliana na Alabama yenyewe, mshindi akaingia robo fainali dhidi ya Ohio State. Mimi naamini Alabama ingeshinda, ila naamini pia kwamba baada ya mchezo huo UCF isingekuwa na ubingwa wa kujitangazia, wala mtu yeyote asingekuwa na haki ya kuibeza bila kuijaribu.

Hata hivyo, kanuni hizo hazikudumu. Kuanzia msimu wa 2025 timu hupangwa kwa kufuata orodha ya kamati moja kwa moja, bingwa wa ligi asipewe upendeleo wa mapumziko. Ukiupanga msimu uleule wa 2017 kwa utaratibu huu, Alabama inapumzika katika nafasi ya nne, na UCF inakwenda Columbus kucheza na Ohio State. Timu ni zilezile 12, lakini njia ya kila mmoja imebadilika kabisa. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wako, kabla ya kubishana, wakubaliane kwanza wanatumia kanuni za mwaka gani.

Msimu wa 2023 unauma zaidi kwa sababu timu iliyoachwa haikutoka katika ligi ndogo. Florida State ilishinda michezo yake yote 13, ikawa bingwa wa ligi ya ACC, na bado kamati ikaiweka ya tano nyuma ya Michigan, Washington, Texas na Alabama. Sababu kubwa ilikuwa jeraha la mguu alilopata Jordan Travis, kwotabeki wake, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, tarehe 18 Novemba. Kamati iliamua kwamba timu bila yeye haikuwa timu ileile. Katika mchujo wa timu 12, Florida State ingepangwa ya tano na kumpokea nyumbani kwake Tallahassee mpinzani wa nafasi ya 12, ambaye kwa kanuni za 2024 angekuwa Oklahoma. Ikishinda, ingekutana na Alabama, timu iliyopewa nafasi ambayo mashabiki wa Florida State waliiona kuwa yao.

Wako wanaosema kwamba kipigo cha pointi 63 kwa 3 ambacho Florida State ilipata kutoka kwa Georgia katika Orange Bowl kilithibitisha uamuzi wa kamati. Sikubaliani nao. Wachezaji wake wengi hawakushiriki mchezo huo, kwa kuwa ubingwa ulikuwa umekwisha kuwaponyoka. Georgia nayo, ambayo ilikuwa imeshinda michezo 29 mfululizo kabla ya kufungwa na Alabama 27 kwa 24 katika fainali ya ligi ya SEC, iliachwa katika nafasi ya sita. Kwangu mimi, Georgia ndiyo mpinzani ambaye Michigan, bingwa wa mwaka huo, ilibahatika zaidi kutokutana naye.

Kuhusu 2014, TCU, yaani Chuo Kikuu cha Texas Christian, ilikuwa ya tatu katika orodha, ikashinda mchezo wake wa mwisho 55 kwa 3, kisha ikashushwa hadi nafasi ya sita. Ohio State ilipanda hadi ya nne na kuchukua kombe. TCU na Baylor, iliyokuwa ya tano, zingeingia zote katika mchujo mpana. Msimu wa 2019 sioni kama ungebadilika: LSU, yaani Chuo Kikuu cha Louisiana State, iliifunga Oklahoma 63 kwa 28 katika nusu fainali, na upanuzi hauigusi timu ya namna hiyo. Ni kama Cranes, timu yetu ya taifa ya soka, kule Misri mwaka huohuo, Kombe la Afrika lilipotoka timu 16 hadi 24: walivuka makundi wakiwa wa pili nyuma ya Misri, nafasi ambayo ingewavusha hata chini ya utaratibu wa zamani.

SWALI: Mhariri, kwa maoni yangu upanuzi huu unaua uzito wa mechi za msimu. Timu ikifungwa mara mbili na bado ikawa bingwa, msimu ulikuwa na maana gani? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako ina mashiko. Mwezi Novemba 2006 Ohio State, ya kwanza kwa ubora, iliifunga Michigan, ya pili, pointi 42 kwa 39, na mchezo huo ulikuwa mkubwa kwa sababu aliyeshindwa aliikosa fainali. Katika mchujo wa timu 12 wote wawili wangeendelea.

Msimu wa 2024 ulionyesha pande zote mbili. Ohio State ilifungwa na Michigan 13 kwa 10 nyumbani kwake, ukiwa mchezo wake wa pili kupoteza, ikaingia mchujo ikiwa ya sita katika orodha ya kamati, kisha ikazishinda Tennessee, Oregon, Texas na hatimaye Notre Dame, 34 kwa 23, katika fainali ambayo sisi huku Uganda tulilazimika kuamka saa tisa na nusu usiku kuitazama. Notre Dame ilikuwa ya tano. Maana yake ni kwamba chini ya mchujo wa timu nne, hakuna hata mmoja wa wanafainali hao ambaye angeingia, na kombe lingegombewa na Oregon, Georgia, Texas na Penn State.

Usidhani, hata hivyo, kwamba malalamiko yameisha. Alabama ilikuwa ya 11 mwaka huo na ikaachwa nje, ilhali Clemson ya 16 iliingia kwa kuwa bingwa wa ligi yake, na watu wa Alabama walilalamika kama walivyolalamika watu wa Florida State mwaka mmoja kabla. Tofauti ni kwamba Florida State haikuwa imefungwa na mtu, na Alabama ilikuwa imefungwa mara tatu.