Mkataba usome kuanzia mwaka wa mwisho

Mwaka wangu wa pili katika ofisi ya mikataba ya timu moja ya hoki ya barafuni, ligi ya NHL, tulimsajili beki wa miaka 31. Ilikuwa tarehe 1 Julai, siku ambayo waliomaliza mikataba huwa huru, na simu zilikuwa hazikatiki. Wakala wake alitaka miaka 5. Timu nyingine ikatoa 6, sisi tukapanda hadi 7, dola milioni 42. Hesabu niliandaa mimi. Naikumbuka karatasi ile: miaka mitatu ya mwanzo nimeipigia mstari kwa wino wa kijani, na mwaka wa saba hakuna aliyeugusa, hata mimi.

Kama umezoea usajili wa soka, kuna jambo inabidi ulielewe kwanza. Huku fedha za mwenye timu haziwezi kufuta kosa. Tangu 2005, ligi iliporudi baada ya msimu mzima kufutwa kwa mgogoro wa mishahara, kila timu ina kikomo cha jumla ya mishahara kwa msimu. Kilianza na dola milioni 39, na msimu wa 2024-25 kilikuwa milioni 88. Mkataba unahesabiwa kwa wastani: milioni 42 kwa miaka 7 ni milioni 6 kila msimu, hata kama mchezaji fedha nyingi umempa mwanzoni. Kwa hiyo beki wa miaka 37 anakula nafasi ileile aliyokula akiwa na miaka 31.

Ushauri wangu ni huu: ukiletewa mkataba, fungua mwaka wa mwisho kwanza. Jiulize mchezaji huyu atakuwa na umri gani, nani chipukizi wako atakuwa anadai mkataba mpya msimu huohuo, na kikombe mnakitafuta lini. Kama jibu la mwaka wa mwisho linakutia hofu, punguza miaka na uongeze fedha kidogo. Mawakala wengi watakusikiliza kuliko unavyodhani.

Utasikia watu wakisema, “Tukikwama tutamlipa aondoke.” Mimi simwamini anayesema hivyo kabla ya kusaini. Kanuni ya kawaida ni kwamba mchezaji mwenye miaka 26 au zaidi unamlipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukiugawa kwa miaka maradufu ya iliyobaki. Minnesota Wild waliwasajili Zach Parise na Ryan Suter tarehe 4 Julai 2012, kila mmoja miaka 13 kwa dola milioni 98. Mwaka 2021 waliwalipa wote wawili waondoke, na katika misimu ya 2023-24 na 2024-25 takriban dola milioni 14.7 za kikomo chao zilikwenda kila msimu kwa watu ambao hawakuwa hata chumba cha kubadilishia nguo. New York Islanders walimpa kipa Rick DiPietro miaka 15 mwaka 2006. Walimlipa aondoke 2013, na malipo yake yalipangwa hadi 2029.

Beki wetu magoti yalianza kumsumbua msimu wa nne. Tukaamua kumpeleka timu nyingine, na hapo ndipo niliposoma kwa makini kifungu nilichokuwa nimekipitia haraka: kila mwaka alikuwa na haki ya kutaja timu 10 asizotaka kwenda. Timu tatu zilizomtaka zote zilikuwa humo. Ya nne ilikubali, kwa sharti kwamba tubebe nusu ya mshahara, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na tuongeze haki yetu ya raundi ya pili katika uchaguzi wa kila mwaka, ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Tulilipa milioni 3 kwa mwaka, miaka mitatu, kwa beki aliyecheza dhidi yetu.

Orodha hizo zitunze kama hati ya nyumba. Machi 2022 timu ya Vegas walimpeleka mshambuliaji Evgenii Dadonov timu ya Anaheim siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na Anaheim ilikuwa kwenye orodha yake. Ligi ikafuta makubaliano. Ottawa, waliokuwa wamempeleka Vegas bila kuwaeleza kuhusu orodha hiyo, waliadhibiwa mwaka uliofuata kwa kunyang'anywa haki ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza. Mimi tangu siku ya beki wetu niliweka daftari moja: jina, kifungu, tarehe ya kupokea orodha, na sahihi ya aliyeipokea. Ukipokea mchezaji kutoka kwingine, omba orodha yake kabla ya kuomba vipimo vya daktari.

La mwisho haliko kwenye kifungu chochote. Mchezaji anayehamishwa mpigie wewe, kabla habari hazijafika kwenye simu yake. Wengi hawana haki ya kukataa. Mchana yuko mazoezini, usiku anatakiwa mji mwingine, na watoto wako shuleni. Beki wetu nilimpigia akiwa bado na viatu vya barafuni. Alinyamaza, halafu akauliza fimbo zake zitasafirishwa na nani. Nilimwambia zimeshafungwa, ziko mlangoni.