Friji ya karavani inazima usiku: niongeze betri?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Morogoro. Mzee wangu na mimi tuna karavani ndogo tunayoivuta kwa pikapu. Desemba tulikwenda Pangani, tukavuka na kivuko hadi Ushongo, tukakaa siku kumi. Usiku wa kwanza raha tupu. Usiku wa pili friji ikazima saa nane. Wa tatu ikazima saa tano, wa nne hata chakula cha jioni hatujamaliza. Maziwa yakaganda, samaki tukagawa. Tuna betri moja ya sola ya Ah 100 (ampea-saa), paneli moja ya wati 150 iliyolala juu ya paa, na kontrola ya kawaida ya kusimamia chaji. Friji ni ya kompresa, lita 40, volti 12. Ule usiku wa pili mzee aliamka akapima betri: 12.1. Fundi wa huku anasema betri imechoka, tuongeze ya lori, N100, tuziunge pamoja. Sasa tunataka kurudi Julai tukae wiki sita. Tuongeze betri, au tununue ya lithiamu kabisa? Tunaegesha chini ya minazi, kama hilo linakusaidia.

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Hela ya betri ibaki mfukoni kwanza. Na hilo la minazi umeliweka mwisho kama salamu, kumbe ndilo la kwanza.

Tuanze na hizo saa zako: nane, tano, kisha magharibi. Betri iliyokufa haina mpangilio huo. Ingewasumbua tangu usiku wa kwanza. Friji inayozima mapema zaidi kila siku inasema jambo moja tu, kwamba mnatumia kuliko mnachoingiza, na deni linakua. Betri ni pipa, paneli ni bomba. Bomba likidondosha tone tone, ukiongeza pipa la pili utapata usiku mmoja au miwili ya ziada, halafu mtakuwa na mapipa mawili matupu. Kwa wiki sita hiyo si dawa.

Tupige hesabu. Friji ya lita 40 kompresa yake ikiwa inazunguka hula kama ampea 4. Kwa joto la Desemba la pwani yetu, ndani ya karavani, huzunguka nusu ya muda au zaidi. Kwa hiyo saa 24 ni Ah 48. Feni mbili ndogo, ampea moja kila moja, saa tisa za usiku: Ah 18. Taa za LED, Ah 4. Simu na redio, tuseme 5. Pampu ya maji haifiki hata moja, iache. Jumla Ah 75 kwa siku.

Upande wa mapato, paneli ya wati 150 hutoa kama ampea 8.3 jua likiwa kali. Pwani ya Tanga ukihesabu jua zuri la saa tano kwa siku, hujajidanganya. Hiyo ni Ah 41. Sabini na tano zinatoka, arobaini na moja zinaingia, tena hapo nimehesabu paneli iko juani. Ya kwenu ilikuwa chini ya mnazi.

Watu wengi hudhani kivuli cha kuti moja kinapunguza umeme kidogo, kama ukili unavyopunguza eneo la mkeka. Sivyo. Paneli ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizofuatana kama watu wanaopokezana ndoo kwenye mstari. Mmoja akisinzia, mstari mzima unakwama. Ndani kuna diodi za kuruka sehemu iliyokwama, lakini mara nyingi ni mbili tu, kila moja ikibeba seli 18. Kuti likiangukia upande mmoja, nusu ya paneli inarukwa, na volti 18 zinakuwa 9. Betri yako ina 12 na ushei. Tisa haiwezi kuijaza kumi na mbili, hivyo kinachoingia ni sifuri, ingawa ukipanda juu utaona paneli karibu yote inang'aa. Na kuti la mnazi halitulii. Upepo ukivuma kivuli kinacheza huku na huku siku nzima.

Tena kuna nazi zenyewe. Mimi nimekulia huku, sijawahi kuona mzee wa Pangani akitandika mkeka wake chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Ondokeni hapo, kwa usalama wa paneli na wa vichwa vyenu.

Sasa tuje kwenye ile 12.1, maana ndiyo iliyonifurahisha. Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa husoma 12.7, ikifika nusu, 12.2, ikishuka hadi 11.8 hapo tunasema imekwisha. Yenu ilisoma 12.1 feni zikiwa bado zinazunguka. Hiyo ni betri iliyofika nusu au chini kidogo, si maiti. Friji ilizima kwa nini basi?

Nakisia waya. Karavani nyingi ninazofungua hapa karakana, Ngamiani, Tanga, friji imeungwa kwa waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani. Toka betri hadi friji ni kama mita saba, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 14 za shaba. Ampea 4 zikipita humo, volti 0.6 zinapotelea njiani. Kompresa inapotaka kuwaka hudai zaidi kwa sekunde chache. Ikidai ampea 8, unapoteza 1.3. Betri ina 12.1, friji inaona 10.8. Friji hizi zina kinga ya kulinda betri: ikiona volti zimeshuka, inazima. Imepima ilichopewa, ikatii.

Pimeni hivi. Friji ikiwa inanguruma, weka mita kwenye betri yenyewe, andika. Kisha pima palepale waya unapoingia kwenye friji, andika. Tofauti ikizidi 0.4, waya ni mwembamba au kiungo kimoja kimeliwa na chumvi. Mwaka jana nililetewa gari la safari lililokwisha kubadilishiwa betri mbili. Nilipofungua kishikio cha fyuzi, chuma cha ndani kilikuwa kimeota unga wa kijani kama ukungu wa mkate, na fyuzi yenyewe ya moto kiasi cha kutoshikika. Nilisugua kwa msasa, nikaweka kishikio kipya chenye kifuniko cha mpira, nikapaka grisi. Mwenye gari alibaki akiziangalia zile betri mbili za zamani bila kusema neno.

Dawa ya waya ni kuvuta mpya wa milimita 6, moja kwa moja toka betri hadi friji, bila kupitia swichi za taa, na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Kwa unene huo, zile volti 0.6 zinakuwa 0.16. Lakini angalia hapa, mwalimu: huo waya mbovu ndio ulioiokoa betri yenu. Ulizima friji betri ikiwa nusu, na betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu mara kwa mara; ikizoeshwa, inakufa mapema. Ukirekebisha waya bila kuongeza mapato, friji itakunywa hadi tone la mwisho, na hapo yule fundi wa Morogoro atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo anza na paneli, ndipo waya, halafu ile kinga ya friji iweke ngazi ya juu.

Nunueni paneli ya pili ya wati 150, lakini msiigongelee paa. Iwe ya kuegemeza chini, na waya wake mita kumi, milimita 6. Sababu ni Julai. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi 5 tu, na Julai jua la mchana linapita upande wa kaskazini, nyuzi 25 hivi toka utosini. Ya paa inayolala itapoteza kama sehemu moja ya kumi. Ya chini utaielekeza kaskazini, uinue mgongo wake, ipate jua kamili. Mkija tena Desemba, geuza, ielekee kusini. Na upepo wa kusi wa Julai hauna mchezo ufukweni: funga paneli kwenye vigingi kwa kamba ya katani, tuko Tanga, haikosekani. Nimeona paneli ikipeperuka kama sinia.

Paneli mbili zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) zitatoa karibu ampea 17, basi angalia kontrola imeandikwa 20 au zaidi. Mtauziwa kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, kwa bei mara tatu. Ni nzuri, sipingi, ila kwa paneli za volti 12 kwenye joto letu faida yake ni ndogo. Paneli ikichemka hadi nyuzi 65 juu ya bati, inapoteza volti zake, na zile volti za ziada ndizo MPPT ilizotaka kuzivuna. Kwa hesabu yangu utapata sehemu moja ya kumi hivi, zaidi kidogo asubuhi. Hela hiyo weka kwenye paneli.

Kwa mpango huo Julai mtaingiza Ah 75 hivi siku ya jua, na kwa kuwa Julai kuna ubaridi kidogo, matumizi yatashuka hadi kama 65. Usiku, toka jua kuzama hadi asubuhi, mtatumia 45 au pungufu, yaani ndani ya nusu ya betri mliyonayo. Betri moja inatosha, ikijaa kila jioni. Siku mbili za mawingu zikifuatana, zima feni moja, au omba jirani mwenye umeme akuchajie.

Ile N100 ya lori ikataeni hata kama mtapewa bure. Betri ya kuwashia injini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kunywewa polepole usiku kucha. Na ukiifunga sambamba na ya sola iliyozeeka kidogo, iliyochoka inaivuta nzima. Lithiamu ni nyepesi, unaweza kutumia asilimia 80 yake bila kuiumiza, na inajaa haraka. Yenu ikifika mwisho wake, nunueni hiyo, na hakikisheni kontrola inaweza kupangwa kwa lithiamu. Ila nayo ni pipa tu.

Kuna ujanja wa bure wa friji. Chupa sita za maji ya uvuguvugu, lita moja moja, zikiingizwa jioni hula kama Ah 10 kupoa, na zote zinatoka kwenye betri. Ziingize saa tano asubuhi. Jua lenyewe ndilo litakalozipoza, na usiku zitakuwa barafu ya friji yenu. Samaki vivyo hivyo: nunueni wa kula siku hiyo. Kila asubuhi ngalawa zinaingia, ya nini kuhifadhi changu wa juzi? Na nyuma ya friji patobolewe pawe na upenyo chini na juu, joto la kompresa lipate kutoka.

Paneli ipanguse alfajiri kwa kitambaa na maji baridi ya kisima, kabla haijapata moto. Chumvi ya kusi hujipaka kama vumbi la unga.

Mawili ambayo hukuuliza. Msiegeshe chini ya mstari wa mwani mkavu hata kama pako safi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na maji yanapanda pale ambapo wiki nzima mlikuwa mkitembea kwa viatu. Na lile tundu kwenye sakafu ya kabati la mtungi wa gesi, msilizibe kwa tambara kuzuia kaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, na hapo ndipo pa kutokea. Weka wavu wa chuma.

Mzee akishapima, niandikie zile namba mbili, ya kwenye betri na ya kwenye friji, na unene wa waya ulioandikwa ubavuni. Nikiziona nitakwambia kama ni waya wote au kiungo kimoja tu.