Kabla hujabonyeza Ctrl+D kwenye skrini ya SCADA

Ukishachora pampu moja kwenye skrini ya SCADA, yaani programu ya kompyuta ya kusimamia na kuendesha mtambo, nyingine kumi na moja zinaonekana kama kazi ya dakika chache: unaichagua, unabonyeza Ctrl+D kuirudufu, unaisogeza, unabonyeza tena. Kwa upande wa umbo ni kweli. Ila kwenye programu hizi umbo ndilo jepesi. Ndani ya kile kitu kuna tagi, yaani anwani zinazokiunganisha na PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine zenyewe, na unaporudufu umbo unarudufu na anwani zote. Pampu ya pili inazaliwa ikisoma hali ya pampu ya kwanza, na kitufe chake cha kuwasha kinawasha pampu ya kwanza.

Hakuna fundi wa skrini asiyelijua hilo, na bado ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko jingine lolote ninapoitwa kukagua mradi. Nakala mbovu haina dalili. Mtu amebadilisha jina la nakala ya P-101 likasomeka P-102, akabadilisha tagi ya rangi, pampu ikawashwa kule mtamboni, rangi ikageuka inavyotakiwa, akaridhika. Kitufe cha kuzima hakukigusa. Siku opereta anataka kuizima P-102 kwa haraka, inayozimika ni P-101, na P-102 inaendelea kusukuma.

Tuitazame hiyo pampu kwa karibu. Ina rangi ya kuonyesha inafanya kazi na rangi ya hitilafu. Ina namba ya ampea au ya kasi. Ina kitufe cha kuwasha, cha kuzima, na cha kuchagua otomatiki au mkono. Ina maelezo yanayotokea ukipitisha kipanya juu yake. Ina ujumbe wa kuthibitisha unaouliza kama kweli unataka kuwasha P-101. Ukiigusa, linafunguka dirisha dogo lenye grafu, na grafu nayo ina tagi yake. Na ina alama zilizofichwa: kufuli linalojitokeza pale tu pampu inapozuiwa na sharti la usalama, au pembetatu ya alamu. Hizi za kufichwa ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa sababu siku ya kujaribu mtambo ukiwa mzima hazionekani kabisa. Zitajitokeza baada ya miezi, usiku, juu ya pampu isiyo na tatizo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalosisitiza ni utaratibu: maliza cha kwanza ndipo urudufu. Kumaliza maana yake kimeunganishwa na PLC, kimejaribiwa kwa kila hali, na opereta atakayekitumia amekiona na kukikubali. Anayerudufu mapema ataambiwa kitufe kihamishwe chini, na atakihamisha mara kumi na mbili, na kila mara ni nafasi mpya ya kuharibu kitu kingine.

Ukisharudufu, usibadilishe tagi kwa kufungua dirisha moja moja. Programu nyingi zina amri ya kubadilisha tagi zote za vitu ulivyochagua kwa mpigo. Kwenye FactoryTalk View, mojawapo ya programu za SCADA, ni Ctrl+R. InTouch, nyingine ya aina hiyo, nayo inayo kwenye menyu zake. Orodha inayotokea pale ina thamani hata kama hubadilishi chochote, maana inakuonyesha kila tagi iliyojificha ndani ya kundi. Mimi huifungua kwenye nakala za watu wengine kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Lakini amri hiyo ina mtego wake, na mtego unaanzia kwenye majina. Tuseme pampu zimeitwa P1 hadi P12, na pampu ya kwanza ina sharti linalosoma P11, pampu ya akiba. Unaagiza P1 igeuke P2. Ikiwa programu inalinganisha herufi tu, P11 nayo inageuka P21. Kama P21 haipo, una bahati, kosa litapiga kelele. Kama ipo, sharti la usalama sasa linasoma pampu isiyohusika, na hakuna atakayekuambia. Majina yenye idadi sawa ya tarakimu, P001 hadi P012, yanaondoa balaa hilo. Tatizo ni kwamba majina hupangwa na mwandishi wa PLC mapema kabisa, kwa hiyo ongea naye kabla mradi haujaanza. Angalia pia tagi za pamoja, kama kina cha tangi au kitufe cha dharura cha laini nzima. Hizo hazitakiwi kubadilika.

Kuna tabia moja ya InTouch ninayoipenda, ingawa wengi huilalamikia. Ukiingiza dirisha kutoka mradi mwingine, tagi zake zinageuzwa kuwa vishikizi vya muda vinavyoanza na alama ya kuuliza, mfano ?d: kwa tagi ya ndiyo au hapana na ?r: kwa namba yenye desimali. Inakulazimisha uamue kila kimoja. Ukirudufu ndani ya mradi uleule hakuna anayekulazimisha, kila kitu kinafanya kazi papo hapo, na hatari iko hapo.

Dogo lingine: nakala mbili zilizolaliana. Umebandika mara mbili bila kujua, unaona pampu moja, kumbe ziko mbili, na kitufe cha juu ndicho kinachopokea mguso. Vuta kila kitu kando kidogo uone kama kuna kilichobaki chini.

Je, urudufu au utengeneze kiolezo, yaani umbo moja la asili ambalo nakala zote hulifuata? FactoryTalk View ina vitu vya pamoja ambavyo ukirekebisha cha asili nakala zake zinafuata, na kwenye programu nyingine za SCADA, WinCC ina vipande vyake vya maktaba, Ignition ina violezo vinavyopokea parameta, yaani thamani unazojaza kwa kila nakala. Kipimo changu ni hiki: vikiwa viwili au vitatu na havitaongezeka, rudufu tu. Zaidi ya hapo, kiolezo. Ila kiolezo kinataka PLC iliyopangika, kila pampu na muundo uleule wa data. Kama pampu nne zina kihisi cha mtetemo na nane hazina, na majina yanatofautiana, utaishia na kiolezo chenye parameta ishirini ambacho aliyekiandika pekee ndiye anayekielewa. Hapo bora violezo viwili vya kawaida kuliko kimoja chenye akili nyingi. Na kumbuka kwamba kiolezo kinarudufu makosa pia: ukikigusa kwenye mtambo ulio kazini, umegusa pampu zote kumi na mbili.

Kwenye majaribio watu wengi hufupisha. Wanajaribu ya kwanza na ya mwisho, wakisema za katikati ni nakala tu. Za katikati ndizo zilizorudufiwa mtu akiwa amechoka. Jaribu zote, kila kitufe, nguvu za mota zikiwa zimekatwa na kufungiwa au PLC ikiwa kwenye uigaji. Mmoja anakaa kwenye skrini, mwingine anaangalia biti za PLC, yaani ishara zake za ndiyo au hapana. Ukibonyeza kuwasha P-107, mwenzako asiangalie biti ya P-107 peke yake. Afungue jedwali lenye biti za pampu zote na aseme kwa sauti ni ipi iliyobadilika. Kisha afanye kinyume: alazimishe hitilafu ya P-107 kutoka PLC, nawe useme ni alama ipi imetokea na iko juu ya pampu gani. Alamu na masharti ya usalama yaliyofichwa yalazimishwe yote namna hiyo, moja moja, na kila biti irudishwe ilivyokuwa kabla ya kwenda kwenye inayofuata.