Jibu: Nyuzi nyeupe kwenye kioo cha darubini

Ndugu yangu wa Wete, Pemba, umeuliza kuhusu nyuzi nyeupe zilizotanda kwenye kioo kikubwa cha darubini yako ya nyota baada ya masika: hizo ni kuvu, si vumbi. Usisugue kwa kitambaa kikavu. Tabaka la alumini linaloakisi mwanga juu ya kioo ni jembamba mno, litakwaruzika.

Kitoe kioo, puliza vumbi, kisha kilaze dakika 10 kwenye beseni la maji vuguvugu yenye matone 3 ya sabuni ya vyombo. Buruta pamba safi juu yake kwa uzito wake tu, mara moja, itupe, chukua nyingine.

Wengi huharibia kwenye kusuuza. Maji ya visima vyetu yana chokaa ya mawe ya matumbawe, kila tone likikauka huacha doa. Maliza kwa maji ya kuongezea betri, lakini soma lebo: yasiwe na asidi hata kidogo! Kisimamishe kwa ukingo kikauke chenyewe. Alama zikibaki, kuvu imeshakula tabaka. Ziache, picha haitaharibika sana. Ukikirudisha, panga upya mlingano wa vioo, yaani vielekeane sawasawa.

Kuvu hurudi ukifunika darubini ingali na umande. Iache ikauke ndani ya nyumba kwanza, halafu lenzi zake za kuchungulia zitie kwenye kasha la plastiki lenye mpira, pamoja na silika jeli, zile chembe za pakiti zinazonyonya unyevu. Mchele haufai, una unga.