Koti moja la buluu iliyokoza

Ndugu, umeuliza ni koti gani la buluu iliyokoza litakalokubali jinzi na pia suruali ya kitambaa. Chagua la sufu lenye ufumaji unaoonekana ukilisogeza karibu na macho, kwa sababu kitambaa laini kinachong'aa hulifanya lionekane kama limetengwa na suruali ya suti yake. Mifuko ya kubandikwa nje hulipunguzia urasmi, na vifungo vya kahawia huvalika kwa urahisi kuliko vya dhahabu. Zaidi ya yote, nakusihi uangalie mabega: mshono uishie pale bega lako linapoishia, maana fundi hupunguza kiuno au mikono bila shida, ilhali kurekebisha mabega ni kazi ngumu yenye gharama kubwa.