"Usaili" au "mahojiano" ya kazi ya uhandisi wa programu?

Swali: Ninaandaa mwongozo wa wanafunzi wanaotafuta kazi ya uhandisi wa programu katika kampuni kubwa kama Google na Microsoft, ambazo zina vituo vyake hapa Nairobi. Niliandika "mahojiano ya kazi", lakini mhariri wangu, ambaye ni Mtanzania, amebadilisha kila mahali kuwa "usaili". Je, nilikosea?

Jibu: Hukukosea, ndugu msomaji. Nchini Kenya "mahojiano" ndilo neno lililozoeleka, ilhali nchini Tanzania Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaita waombaji "kwenye usaili", na neno hilo limeenea hadi kampuni binafsi. Hata hivyo, kwa mwongozo wako ningemuunga mkono mhariri, wala si kwa sababu ya mipaka ya nchi.

"Usaili" umetokana na kitenzi "saili", chenye asili moja ya Kiarabu na "swali", na maana yake ni kuuliza kwa kina. "Mahojiano" yametokana na "hojiana", na kiambishi cha kutendana kilichomo humo kinaashiria pande mbili zinazoulizana na kujibizana. Sasa tazama yanayotendeka Google: mwombaji hupewa tatizo, huandika msimbo huku akieleza kwa sauti anavyofikiri, kisha hutakiwa kutetea njia aliyoichagua na kukadiria programu yake itachukua muda gani iwapo data zitaongezeka mara elfu. Msaili huandika tathmini yake, na tathmini hiyo hupelekwa kwa kamati ya watu ambao hawakumhoji mwombaji. Huko ni kupimwa, na neno la kupimwa ni "usaili".

"Mahojiano" yabakishe panapostahili, yaani zile dakika za mwisho ambapo mwombaji naye hupewa nafasi ya kumuuliza mhandisi aliye mbele yake kuhusu timu na kazi yenyewe. Wanafunzi wengi huzipuuza dakika hizo, na ingefaa mwongozo wako uwakumbushe kuzitumia.

Katika sampuli uliyoniletea umeandika pia "masaili manne". Hilo liondoe, kwa kuwa "masaili" ni neno jingine lenye maana ya mambo yanayohitaji ufumbuzi, na "usaili" hauna wingi. Andika "awamu nne za usaili", idadi ambayo Google yenyewe, baada ya kuchunguza takwimu zake za ajira, iliiona kuwa inatosha kutabiri kwa uhakika wa asilimia 86 iwapo mtu anafaa kuajiriwa.

Linalonisumbua zaidi ni sentensi yako "mwanafunzi atafanya usaili na wahandisi wawili". Najua wengi husema hivyo, kwa kufuata mfano wa "kufanya mtihani", lakini mtihani haumkanganyi msomaji kuhusu nani mtahini na nani mtahiniwa, ilhali hapa "na" inaweza kueleweka kuwa mwanafunzi anashirikiana na wahandisi hao kumpima mtu wa tatu. Utata huo ni wa hatari katika mwongozo huu, kwa sababu katika kampuni hizi wahandisi wenyewe huwasaili waombaji, na mwanafunzi wako akishaajiriwa huenda naye akapewa jukumu hilo. Kauli ya kutendwa inamaliza utata: "mwanafunzi atasailiwa na wahandisi wawili", au "atafanyiwa usaili". Anayeuliza ni msaili, anayeulizwa ni msailiwa, na "kufanya usaili" umwachie msaili.