Vijana 24 wamebaki 9: tunakosea wapi?

SWALI: Assalaam alaikum. Sisi ni kikundi cha kujitolea hapa Malindi, mtaa wa Shela. Mwanzo wa mwaka tuliandikisha vijana 24 wa miaka 13 hadi 17: mayatima, watoto ambao wazazi wao wanatumia unga (dawa za kulevya), wasichana wawili waliojifungua, na wengine wanaokwepa shule tu. Washauri tuko 6. Hukutana nao ukumbini Jumamosi saa nane mchana, tukaalika mgeni azungumze, kisha soda. Sasa wamebaki 9, na 4 kati yao shule wanaenda wakitaka. Tunakosea wapi? Na waliotoka, tuwafuate au tuwaache?

JIBU: Waalaikum salaam. Idadi yenu si mbaya. Vijana 24 kwa washauri 6 ni wanne kwa mmoja, na mtu mwenye kazi yake na nyumba yake akipita hapo huanza kuwasahau. Tatizo ni kwamba hamkuwagawa. Mnachofanya Jumamosi ni mkutano wa hadhara: kijana asipofika, hakuna hata mmoja wenu ambaye ni jukumu lake kujua kwa nini. Andikeni leo majina manne mbele ya kila mshauri, wasichana kwa washauri wa kike.

Saa nane ya Jumamosi ni saa ya riziki. Wavulana wako sokoni wakibeba mizigo au wako ufukweni, na kuanzia Desemba hadi Machi, watalii wanapojaa, ufuo huvuta zaidi. Wasichana wana nguo za kufua na wadogo wa kulea. Siku za wiki nazo, wengi wakitoka shule huenda chuoni (madrasa) baada ya Alasiri. Kwa hiyo msitafute saa moja ya wote. Kila mshauri apatane na kijana wake dakika 40 kwa wiki, siku ileile, mahali palepale. Wavulana wanaweza baada ya Maghribi. Wasichana wasiwekwe usiku. Ramadhani ikiingia, pangeni upya kabla mwezi haujaandama. Ukumbi ubaki wa mara moja kwa mwezi, soda pia.

Kabla ya yote, kila mshauri aulizwe kama anaweza kukaa mwaka mzima. Asiyeweza asaidie kazi nyingine. Utafiti wa Grossman na Rhodes, uliochapishwa 2002 kuhusu mpango wa Big Brothers Big Sisters wa Marekani, ulionyesha kwamba vijana waliokaa na mshauri mwaka au zaidi ndio waliofaidika kwa mengi, na wale ambao uhusiano wao ulikatika mapema sana walirudi nyuma katika baadhi ya mambo. Si ajabu. Mtoto aliyekwisha kuachwa na baba, akiachwa tena na mtu aliyekuja kumwambia "nipo", hapati hasara ndogo.

Katika dakika 40 hizo, hotuba za "soma kwa bidii" wekeni kando. Wamezisikia tangu chekechea. Mshauri awe na daftari na maswali matatu: wiki hii ulikosa siku ngapi, kila siku ilikuwa kwa sababu gani, na somo gani lilikupita. La kwanza msitegemee neno lake peke yake. Ombeni ruhusa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, mwende nayo kwa mwalimu mkuu, mkubaliane kwamba mwalimu wa darasa atawapa hesabu ya mahudhurio kila Ijumaa. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10: anayekosa kiasi hicho cha siku za shule au zaidi yuko hatarini. Muhula wa wiki 13 una siku kama 65, kwa hiyo ni siku 6 au 7 tu. Siku 6 hazimshtui mzazi wala mwalimu, maana huja moja moja. Ndiyo sababu lazima ziandikwe.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Sababu mtakazozipata mara nyingi ni ndogo hadi aibu: sare ni moja na ilinyeshewa, hedhi imekuja na sodo hakuna, mama yuko hoi kwa unga na mdogo hana wa kumshika, au kijana amerudishwa kwa deni la chakula. Hili la mwisho huwachanganya wengi. Karo ya sekondari ya kutwa ya umma hulipwa na serikali, lakini chakula cha mchana ni juu ya mzazi, na hapo ndipo mtoto wa maskini hukwama huku watu wakisema elimu ni bure. Mshauri aende kwa mwalimu mkuu na mlezi, waandikiane malipo ya kidogo kidogo, mtoto akiwa darasani. Pesa taslimu asimpe kijana hata shilingi. Sare inunuliwe, chakula kilipwe shuleni, risiti ziwekwe. Mshauri akigeuka benki, mazungumzo huisha, na wenziwe watatu watakuja na shida za kutunga.

Sasa wale 4 wanaoenda shule wakitaka. Wapimeni kusoma kabla ya kuwaita wavivu. Kila mtu dakika tano, faraghani: herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Akikwama kwenye aya naye yuko gredi ya 8, kutoroka kwake kuna akili. Hakuna anayependa kukaa kwa muda wa saa saba akisikiliza asichoweza kukisoma. Huyo mpangieni nusu saa, siku nne kwa wiki, aanze pale alipokwama na si pale gredi yake inapodai. Msimchanganye na wadogo wake, atakimbia kwa haya.

Karatasi zinaua ndoto nyingi kimyakimya. Cheti cha kuzaliwa huulizwa katika usajili wa shule na wa mitihani, na mayatima wengi hawana. Kagueni wote 24 mwezi huu. Asiye nacho aanzishiwe usajili wa kuchelewa akiwa na kadi ya kliniki au ya ubatizo, vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya kifo, na barua ya chifu. Faili hilohilo, mkiongeza ripoti ya muhula na orodha ya karo ya shule, ndilo la kuombea basari ya eneobunge na ya kaunti. Fomu zikitangazwa muda huwa mfupi. Asiye na faili hukosa.

Wasichana waliojifungua wana haki ya kurudi. Mwongozo wa kitaifa wa 2020 kuhusu kurejea shuleni unasema hivyo, na shule haiwezi kuwakatalia kwa sababu ya mtoto. Mshauri aandamane na bibi au mama kwa mwalimu mkuu, lakini swali la kwanza liwe nani atamshika mtoto hadi saa kumi. Lisipojibiwa, atarudi wiki mbili tu.

Usalama nao si wa kujadiliana. Mazungumzo yafanyike panapoonekana na watu. Si chumbani, si kwenye jumbe za usiku. Kijana msimwahidi siri kabla hajasema. Akieleza kwamba amenajisiwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai baada ya hapo. Asioge, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha polisi na afisa wa watoto. Simu 116 ni ya bure. Wazee wakitaka maslaha ya kumaliza jambo nyumbani, msikae kwenye mkeka huo.

Waliotoka wafuateni, wote 15, ila si kwa tangazo msikitini wala ujumbe wa jumla. Mshauri aliyepewa jina aende nyumbani, amsalimu mlezi, amwambie kijana atakuwa wapi na saa ngapi, aondoke. Asihubiri, asiulize kwa nini hukuja. Arudi wiki inayofuata, na ya tatu. Anzeni na waliokuwa wakihudhuria shule hadi muhula uliopita: hao hurudi upesi zaidi. Aliyekwisha kushika bodaboda na hataki darasa tena, mtafutieni chuo cha ufundi, na mshauri wake aendelee naye vilevile.